Kilo inashuka, mafuta inabaki

Wandugu wasomi wa Butembo na Beni, tangazo hilo munalijua. Picha mbili za mutu mmoja: kushoto tumbo limetoka, kulia tumbo limeingia. Chini wameandika "kilo 10 mu siku 10", halafu namba ya simu. Linapita kwenye simu zetu asubuhi na mangaribi. Leo ninaomba tulisome gisi mwalimu anavyosoma kazi ya mwanafunzi: linasema nini, linaficha nini, na hesabu yake inasimama ao hapana.

Tuanze na hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba karibu kalori 7 700. Kilo 10 ni 77 000. Kuzimaliza mu siku 10, inaomba kila siku uchome 7 700 zaidi ya zile unazokula. Mutu mukubwa wa kawaida anatumia kati ya 2 000 na 3 000 kwa siku. Hata akifunga kula kabisa siku zote 10, hafiki. Lakini wako watu wanapanda balansi na kweli wanakuta kilo nyingi zimetoka. Basi swali la kuuliza ni moja: zimetoka kilo za nini?

Jibu liko kwenye kakao yetu. Ikitoka kuchachuka, karibu nusu ya uzito wake, hata zaidi, ni maji. Tunaianika mpaka maji yabaki karibu 7 ao 8 kwa mia. Uzito unaanguka sana, lakini mafuta ya ndani haijaenda popote. Mbegu kavu iko na mafuta karibu nusu ya uzito wake. Kilo imepungua, mafuta kwa mia imepanda! Mununuzi wa Beni hawezi kusema kakao hiyo imekonda. Anajua imekauka, na njo maana anaangalia maji kabla ya kulipa.

Mwili wetu unafanya vile vile siku za kwanza za rejime kali. Wanga tunayoweka akiba mu misuli na mu ini inakaa na maji, karibu gramu 3 za maji kwa gramu 1. Ukikata bugali ghafla, akiba inaisha na maji yake inatoka. Ukiongeza chai yenye majani ya kuharisha, unapoteza maji na chumvi tena. Ukiendelea na njaa bila protini, mwili unaanza kula misuli yake.

Tuchukue mutu wa mfano, kilo 80, mafuta 30 kwa mia. Iko na kilo 24 za mafuta. Anapoteza kilo 8. Kama zote ni mafuta, anabaki na 16 juu ya 72, ni kusema 22 kwa mia. Kama mafuta ni kilo 2 tu na zingine ni maji na misuli, anabaki na 22 juu ya 72: zaidi kidogo ya 30 kwa mia. Balansi inaandika 72 kwa wote wawili. Wote wawili watapiga picha ya kulia. Wa pili amelipa franka zake kwa kupoteza nguvu.

Na kitu chenye kunishangaza: vituo vyetu vya afya vinajua somo hili zamani. Mama akileta mtoto mwenye utapiamlo, munganga hatosheki na balansi. Anafinya miguu miwili na kidole gumba aone kama imevimba, kisha anapima mukono na utepe wa rangi. Chini ya sentimeta 11,5 ni nyekundu. Sababu mtoto wa kwashiorkor anaweza kuonyesha kilo nzuri, kumbe ni maji. Kwa mtoto tunakataa kuamini balansi peke yake. Kwa mutu mukubwa tunaipigia magoti.

Tangazo linaficha pia kesho yake. Mu 1944 na 1945, kule Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, karibu miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito, mafuta pamoja na misuli. Chakula kiliporudi, mafuta ilirudi mbele, misuli ikachelewa. Picha ya tatu, ile ya miezi sita nyuma, hakuna mwenye kuituma.

Kuna wenye watasema: Beni watu wanakimbia mauaji tangu 2014, wewe unaongea mafuta ya tumbo? Naongea, ndiyo. Mutu aliyepoteza shamba anajaza tumbo na bugali na mafuta bila maharagi. Anaweza kunenepa na protini ikamkosa. Zamani tulisoma kitambi kama ushahidi wa mali, na mwembamba tukamuuliza kama ni mgonjwa. Sasa tangazo limegeuza picha, lakini macho ni yale yale: tunapima mutu kwa nje. Sukari na tansio hazipimwi hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji. Kazi hakuna, na wengi wao ni sisi, wenye licence. Sikatai mutu atafute franka. Lakini mama wa sokoni ananunua sababu "ni mutu wa université amesema". Anaponunua ile chai, ananunua na diplome yetu.

Tangazo la ukweli lingekuwa fupi na halingeuza kitu. Punguza nusu kilo kwa juma, si zaidi sana. Punguza mafuta ya kupikia mbele: kijiko kikubwa kimoja cha mawese ni karibu kalori 120, na sombe yetu inameza vingi. Gawa bugali, lakini usiguse maharagi: gramu 100 za maharagi makavu ziko na gramu 20 hivi za protini, soya inapita 35. Mara mbili kwa juma fanya kazi ya kushindana na uzito, pompe ao kubeba, ili mwili ujue misuli bado inahitajika. Siku zingine acha moto, panda vilima vya Butembo kwa miguu. Mwenye mimba, mwenye kunyonyesha na mwenye ugonjwa aone munganga kwanza.

Na upime na meta ya fundi wa nguo. Kiuno kikae chini ya nusu ya urefu wako: mwenye meta 1,70, chini ya sentimeta 85. Kama kilo inashuka na kiuno hakisogei, simamisha hiyo rejime.

Kwa wenzangu wanaouza: picha inayofuata, andikeni chini yake kiuno cha mbele, kiuno cha nyuma, na kiuno cha miezi sita baadaye. Tutanunua kisha ya kusoma hizo namba tatu.