Kuagana Mitwero

Uzuri wa Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905, ni subira. Kanuni, udi na fidla husikika kila kimoja. Mwimbaji hungojewa amalize neno, ndipo ala zimjibu. Rusha roho, iliyovuma miaka ya 1990, imekitwisha kinanda cha umeme kazi ya wote. Inachezesha, sikatai, ila haimkalishi mtu akasikiliza.

Hayo niliyashikilia njia nzima tuliporudi Unguja, wapenzi wa taarabu basi zima. Tulipoagana Mitwero, bibi mmoja, akipokea kikapu chake, aliniambia: “Mwanangu, sisi ujana wetu wote tulikatazwa kucheza.” Nikamshika mkono. Basi likaondoka kuelekea Lindi mjini, nami sijamjibu.