Merikani na Wachawi: Maduka ya Kale ya Salem

Wasomaji wetu wa Boston na vitongoji vyake wanaijua Salem kwa mwezi wa Oktoba. Treni hujaa, Essex Street haipitiki, na madirisha ya maduka yamejaa kofia nyeusi zenye ncha. Sisi tunataka kuizungumza Salem ya miezi mingine, maana katikati ya mji ule mdogo wamejenga wafanyabiashara ambao Waswahili tulijuana nao zamani.

Tuanze na ukumbi wa East India Marine, uliofunguliwa mwaka 1825 mbele ya Rais John Quincy Adams. Uso wake ni wa mawe ya itale, mzito, hauna mapambo mengi, na juu una madirisha marefu ya upinde. Wenyewe walikuwa chama cha manahodha na mawakala wa mizigo waliokwisha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Ghorofa ya juu waliweka vitu walivyotoka navyo safarini. Ya chini wakaipangisha benki na kampuni ya bima. Majina ya wapangaji hao bado yameandikwa usoni mwa jengo: Asiatic Bank, Oriental Insurance Office. Tunalipenda kwa sababu halijifanyi. Linasema wazi nani alikuwa akilipa kodi. Aliyekulia nyumba yenye duka chini na familia juu, Darajani au Mombasa, hahitaji mwalimu wa kumweleza.

Hatua chache kutoka hapo ni Derby Square. Palikuwa na jumba la tajiri Elias Hasket Derby. Likabomolewa mwaka 1815, na mahali pake pakajengwa soko, juu yake ukumbi wa mji. Matofali matupu, mistari iliyonyooka. Kwa macho yetu hili ndilo zuri kuliko yote, zuri kuliko hata forodha ya 1819 na tai wake wa dhahabu.

Sasa dai letu. Asia na Mashariki zimo ukutani, Zanzibar haimo. Mwaka 1825 isingeweza kuwamo, biashara yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na konsuli wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja mwaka 1837. Kwa miaka mingi meli za Salem zilipeleka kitambaa cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Kitambaa hicho ndicho merikani. Kilivaliwa, kilifika na misafara hadi Tabora na Ujiji, kikatumika kama fedha kulipia hongo na ujira wa wapagazi. Sandarusi iliyochimbwa Mrima ilisafishwa huko huko Salem, ikaenda kuwa vanishi. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokausha pamba, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikashika soko.

Na mji unauza hadithi gani leo? Ya mwaka 1692, watu 19 waliponyongwa kwa tuhuma za uchawi. Hakuna hata jengo moja kati ya haya tuliyoyataja lililokuwapo; la kwanza lilikuja zaidi ya miaka 120 baadaye. Yamesimamishwa yatoe ushahidi wa kesi yasiyoiona.

Lakini tusiwaonee. Mwaka 1965 ulikuwapo mpango wa kubomoa sehemu kubwa ya katikati ya mji kupisha barabara na maegesho ya magari. Mhakiki wa majengo Ada Louise Huxtable akaandika katika New York Times, wenyeji nao wakapiga kelele, na baadaye mpango ukaandikwa upya. Majengo mengi yakatengenezwa badala ya kuangushwa. Makala ya gazeti, jamani! Tunalisema hili kwa wale wenzetu wanaouliza kuandika kunasaidia nini. Tena watalii wa kofia nyeusi ndio wanaoyafanya maduka yale yapate wapangaji, na duka tupu huoza upesi. Hatuwatakii wafukuzwe.

Tunachokosoa ni usomaji. Hata Nathaniel Hawthorne, aliyefanya kazi forodhani pale kuanzia 1846 hadi 1849, aliwaachia wasomaji wake picha ya bandari iliyolala usingizi, hali shehena za Zanzibar zilikuwa bado zinaingia. Kwake biashara iliyokuwa kubwa ni ile ya babu zake. Hii yetu ilikuwa masalio tu.

Mwenye watoto huku asingoje Oktoba. Februari, siku ya kazi, treni kutoka North Station ni kama nusu saa. Wasimamishwe mbele ya ukumbi ule wasome maandishi, kisha waulizwe kwa nini bibi yao kitambaa kile alikiita merikani.