Mtaalamu huru ao mutu wa kambi?



Leo tuongee juu ya redio na televizioni za Uingereza, na wale wachambuzi wanaoitwa wahafidhina mamboleo. Fikra yao ilikomaa Marekani: nchi zenye nguvu zitumie nguvu hiyo, hata jeshi, kuangusha tawala mbaya na kupanda demokrasia. Ni fikra kama zingine, iko na haki ya kusikiwa. Shida yangu iko kwa namna wenyewe wanavyotambulishwa.

Tuchukue Douglas Murray. Mwaka 2005 alitoa kitabu kizima cha kutetea uhafidhina mamboleo, kwa hiyo si sisi tunamubandika jina. Baadaye akawa mmoja wa viongozi wa Henry Jackson Society, taasisi iliyozaliwa Cambridge mwaka ule ule. Watu wa taasisi hiyo wanaitwa studio kuzungumzia ugaidi, Uislamu, Iran, Urusi. Mara nyingi utasikia jina la mgeni, jina la taasisi, halafu swali. Sasa mama anayepika huku anasikiliza redio kule Leeds, jina hilo linamwambia nini? Atajuaje kwamba Jackson alikuwa seneta wa Marekani aliyependwa sana na kambi hiyo?

Na feza je? Mwaka 2014 taasisi hiyo iliacha kusaidia makundi mawili ya wabunge, kuliko kutaja wafadhili wake.

BBC yenyewe iko na kanuni iliyoandikwa wazi: usizani kwamba mutu wa taasisi ya utafiti hana upande, wape wasikilizaji habari za kutosha juu ya kule anatoka na msimamo wake. Kanuni ni nzuri. Haraka ya kila siku njo inaiangusha. Kipindi kinaanza alfajiri, profesa anataka dakika ishirini za kueleza, mwenzake wa taasisi anamaliza kwa sekunde thelathini. Nani ataitwa?

Wengine watasema: si wanaweka pia mutu wa upande wa pili? Ndiyo. Lakini ukimuita huyu "mtaalamu" na yule "mwanaharakati", mizani imekwisha kuinama mbele hawajafungua kinywa.

Si jambo dogo. Iraki ilivamiwa mwaka 2003. Ripoti ya Chilcot ya 2016 ilisema vita haikuwa njia ya mwisho. Uingereza ilipoteza wanajeshi 179; raia wa Iraki walikufa zaidi ya elfu mia moja. Murray aliunga mkono vita ile, na milango ya studio haikumufungia. Mganga akikosea dawa, tunauliza mbele ya kurudi kwake. Mchambuzi, hakuna anayemuuliza.

Siombi wanyanganywe mikrofoni. Naomba sentensi moja tu mbele ya swali la kwanza: taasisi yake inatetea siasa gani, nani anailipa, na yeye alisema nini mara ya mwisho kulipokuwa vita.

Sisi tunaofuata BBC toka Goma ao Lubumbashi, tusingoje watuambie. Ukisikia "mtaalamu", tafuta kwanza: wa nani? Nyinyi munaonaje?