Oili Hadi Shingoni

Injini ile haikuwa na ugonjwa. Ilijazwa oili kupita kiasi, na aliyeijaza akageuka kuzisingizia ringi. Mliokuwapo Alhamisi kwenye uwanja ule wa Mbinga mjini, majani yakikatwa kabla ya mechi, mliuona moshi, na mlimsikia fundi akimwambia mtunza uwanja aanze kutafuta hela ya kufungua injini. Nataka tuirudie dakika moja tu ya kazi ile, maana ndiyo iliyoharibu yote.

Mwanzo alikwenda vizuri: aliiacha mashine ipate moto kidogo, akachomoa waya wa plagi, akamwagia oili ya zamani kwenye beseni badala ya kuiangusha kwenye nyasi.

Kisha akashika chupa ya lita moja na kuanza kumimina. Kijiti cha kupimia alikilaza juu ya kitambaa na hakukigusa tena. Aliinama, jicho kwenye mdomo wa bomba, akisubiri aione oili ikija juu. Haikuja, akaongeza. Bado haikuja, akaongeza tena, mpaka chupa ikakauka mkononi mwake. Injini ile ni Honda GCV160, na kiasi chake cha oili ni kama mililita 550. Alikuwa ameipa karibu mara mbili ya haki yake, halafu akafunga kifuniko na kuvuta kamba.

Najua tabia hiyo imetoka wapi. Injini ndogo tulizozizoea Umatengo ni zile za kulala: za pampu za maji na za kumenyea kahawa, za ukoo wa GX. Kwenye hizo shimo la kujazia liko chini ubavuni, na maelekezo yake yenyewe yanasema mashine ikae sawa, ujaze mpaka oili ifike ukingoni mwa shimo. Mtu aliyefanya hivyo misimu kadhaa ya kahawa mkono wake hauulizi tena. Lakini injini ya mashine ya kukatia majani imesimama. Kranki yake iko wima, kisu kimefungwa chini yake, na bomba la kujazia limepandishwa juu ili lifikike kwa urahisi. Ukingo wa bomba hilo haupimi chochote. Kipimo ni alama za kwenye kijiti, ya chini na ya juu, na kijiti kilikuwa kimelala kwenye kitambaa.

Sasa kilichotokea ndani. Injini za namna hii nyingi hazina pampu ya oili kama gari. Kuna kipande kinachozunguka na kuirusha oili ipake kila mahali. Kiasi kikizidi, kranki inaichapa oili ile kwa mizunguko karibu 3,000 kwa dakika mpaka inakuwa povu. Povu linapanda kwenye tundu la kupumulia, linaingia njia ya hewa, linalowesha eya klina, na linalobaki linaungua pamoja na petroli. Ndio moshi mliouona, mweupe wenye ubuluu, na ndiyo sababu mashine ilianza kukohoa ilipofika kwenye majani mazito. Ni kweli ringi zilizokwisha nazo hutoa moshi. Ila ringi hazikwishi ghafla dakika chache baada ya kubadilisha oili. Fundi anayeona mashine iliyoingia kazini bila moshi ikitoka na moshi mikononi mwake, swali la kwanza ajiulize yeye: nimeigusa nini?

Na hata angekumbuka kupima, pale alipoiegesha angedanganywa. Mashine ilikuwa kwenye tuta la ukingoni mwa uwanja, upande wa bomba ukiwa juu. Oili hukimbilia upande wa chini, kijiti kinatoka kikavu, na mtu anaongeza. Wazee wa hapa walichimba mashimo ya ngolo kwa sababu walijua mteremko unafanya nini kwa maji na udongo. Sisi wajukuu zao tunapimia oili kwenye mteremko, na hatua kumi kutoka hapo uwanja ni tambarare.

Nitarudia na hili, hata kama mmechoka kunisikia: chupa ile haikuwa na maandishi. Oili ya kupimiwa kwenye chupa za maji haina jina wala namba, na mara nyingi muuzaji anakwambia ni SAE 40, eti nzito ndiyo inalinda. Mbinga mjini tuko juu ya mita 1,300. Asubuhi ya Julai oili nzito inajivuta wakati injini imeshaanza kukimbia. 10W-30 inatosha hapa, na inatosha kule Mbamba Bay penye joto, ziwa likiwa mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari. Huko ufukweni hata SAE 30 ni chaguo zuri. Ndugu zangu wa Liuli na Lituhi waache tu kuchanganya oili kwenye petroli ya mashine hizi. Hiyo ni ya injini za boti za mipigo miwili.

Mafundi wa zamani wa mashine za kusaga, wale wa Lister ya silinda moja, baadhi yao wakiwa wamepita karakana za Wabenediktini wa Peramiho, wasingefanya kosa hili. Lister yao ilizunguka mara 650 tu kwa dakika, ikasamehe mengi, na bado walikuwa waangalifu kuliko sisi. Walifuta kijiti kwa tambara, wakakirudisha, wakakichomoa, wakasoma. Walimimina kidogo, wakangoja oili itulie, wakasoma tena. Hawakuwahi kuwaza kwamba chupa ikiisha ndipo kazi imeisha.

Mtunza uwanja, ringi usinunue. Isogeze mashine mahali tambarare, oili yote imwagwe, iwekwe mpya nusu lita kwanza, halafu kidogo kidogo mpaka ifike alama ya juu bila kuipita. Eya klina ya karatasi iliyolowa haioshwi, weka mpya. Iwashe nje, iache iunguze mabaki yaliyomo kwenye ekzosi. Moshi utakatika, na hela ya kufungua injini nunua mafuta ya kukatia majani.