Sikio Kabla ya Jicho

Ajuaye kupanga vifaa vya kikao cha video kwenye Linux haanzi na kamera. Huanza na umbali kati ya mdomo na kipaza sauti. Picha ikiganda kidogo, mazungumzo huendelea. Sauti ikikatika muda huohuo, watu husimama kuulizana nini kimesemwa. Fizikia nayo iko upande wake. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti ya msemaji hushuka kwa takriban desibeli 6, ilhali mvumo wa feni na mwangwi wa chumba hubaki palepale. Ndiyo maana kipaza sauti cha bei ndogo kilicho karibu na mdomo hukishinda cha ghali kilichopachikwa juu ya skrini. Hapo ndipo pia hedifoni za Bluetooth zinapowaangusha wengi. Zikicheza muziki ni tamu, lakini kipaza sauti chake kikifunguliwa huhamia kwenye njia ya simu, yenye sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde katika vifaa vingi, wakati CD ina 44,100. Waya wa USB hauna kigeugeu hicho.

Kwa kamera, fundi hatazami jina la kampuni bali herufi tatu: UVC. Hicho ni kiwango cha pamoja cha kamera za USB, na draiva yake, kazi iliyoanzishwa na Laurent Pinchart, iliingia katika kiini cha Linux mwaka 2008. Kamera inayokifuata huchomekwa ikafanya kazi. Wapo wanaolalamika kwamba bila programu ya mtengenezaji mtumiaji ananyimwa vidhibiti. Sikubaliani nao: amri ya v4l2-ctl humwekea mezani mwangaza, rangi na hata masafa ya umeme. Hili la mwisho si dogo kwetu. Umeme wa Kenya na Tanzania ni hezi 50; kamera iliyowekewa 60 huweza kuonyesha mistari ikitambaa usoni chini ya taa za tyubu, na tiba ni kubadili mpangilio mmoja, bila kununua chochote.

Pingamizi zito zaidi linahusu kompyuta mpakato. Baadhi ya mpya zina kamera za ndani zisizopitia USB, hasa zile zinazotegemea IPU6 ya Intel, nazo zimewatesa watumiaji wa Linux. Ni kweli, na dawa ni kuuliza kabla ya kulipa. Lakini anayekimbilia kamera ya 4K kwa hofu hiyo anapotea njia. Hata picha ya 1080 isiyobanwa, fremu 30 kwa sekunde, hudai karibu biti bilioni moja kila sekunde, zaidi ya maradufu ya uwezo wa USB 2.0, kwa hiyo kamera nyingi huibana kwanza, kisha programu ya kikao huibana tena kabla ya kuituma. Fedha hizo zinunue taa ya kuweka mbele ya uso, kwani gizani kamera nyingi hupunguza fremu ili zikusanye mwanga, na mkono unaopunga huacha ukungu hata kama lenzi ni ya bei ya pikipiki.