Hoteli, Mkahawa na Mfuko wa Msafiri: Uhakiki wa Istilahi za Malazi na Chakula

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi zinazotumika katika hoteli na mikahawa yetu, pamoja na zile zinazomhusu mtu anayepanga safari kwa fedha kidogo. Wanaoshughulikia istilahi wamezoea kulipima neno kwa vigezo vya isimu: je, ni fupi, linanyambulika, linaafiki sauti na sarufi ya Kiswahili? Vigezo hivyo ni vya haki, wala hatuna nia ya kuvibeza. Hata hivyo, katika uwanja huu twapenda kuongeza kigezo kimoja ambacho hakitajwi mara nyingi.

Istilahi ya hoteli ni sehemu ya mapatano ya biashara. Mwenye hoteli anauza, msafiri ananunua, na neno lililoandikwa ukutani au katika orodha ya bei ndilo linaloeleza kinachouzwa. Kwa hiyo istilahi njema ni ile inayomwezesha msafiri kujua, kabla hajaketi wala hajafungua mzigo wake, atapewa nini na atalipa kiasi gani. Tukitumia kigezo hiki tutaona kwamba istilahi kadhaa zinazohesabiwa kuwa sanifu zinashindwa, ilhali maneno mengine yanayodharauliwa kuwa ya mitaani yanafaulu.

2. Hoteli ni nini?

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiingereza, neno lililotupa "hoteli" lina maana ya nyumba ya kulala wageni kwa malipo. Kiswahili kilipolichukua kiliipanua maana hiyo, na kwa wazungumzaji wengi kiini chake kikahama: hoteli kwanza ni mahali pa kula. Mtu asemaye saa saba mchana "twende hotelini" hakusudii kulala. Banda lenye meza mbili, linalouza chai na maandazi, laweza kuandikwa "Hoteli" juu ya mlango, na hakuna mteja atakayeuliza vitanda viko wapi. Pa kulala pana majina yake: gesti, loji, nyumba ya wageni. Lipo pia neno "mkahawa", au "mgahawa" kama wasemavyo wengi Tanzania, litokanalo na kahawa. Hilo ndilo wafasiri hulipendelea kwa mahali pa kula, lakini mdomoni mwa watu wengi "hoteli" bado inalishinda.

Wako wasemao kwamba hili ni kosa la kusahihishwa. Hatukubaliani nao. Hoteli za kwanza za kisasa katika nchi zetu, kwa mfano Norfolk ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1904, zilijengwa kwa ajili ya walowezi na wasafiri wa Kizungu, na ndani yake chumba cha kulala na chumba cha kulia vilikuwa chini ya paa moja. Neno lilipotoka humo na kuingia mitaani, watu walichukua ile sehemu ya maana iliyowafaa. Maana iliyokubaliwa na mamilioni ya wasemaji si kosa tena, ni lugha.

Hatari iko mahali pengine, nayo ni katika sheria. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kufasiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, ikiwamo Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, inagusa neno hili moja kwa moja. Mfasiri akiandika "hoteli" bila fasili, mama lishe mwenye banda la chakula aweza kudhani kwamba kifungu cha nyumba za malazi kinamhusu yeye, na afisa wa leseni aweza kudhani hivyo hivyo. Kwa maoni yetu, maandishi ya sheria na ya leseni yaseme "hoteli ya malazi" na "hoteli ya chakula", kila moja na fasili yake. Katika mazungumzo ya kawaida "hoteli" ibaki kama ilivyo.

3. Lugha ya orodha ya vyakula

Neno "menyu" limekwisha kuenea, nasi hatuoni faida ya kulipiga vita. "Orodha ya vyakula" nayo inaeleweka na kila mtu. Tatizo halipo katika jina la orodha, bali katika mgawanyo wa yaliyomo.

Baadhi ya hoteli kubwa zinazojitahidi kuandika Kiswahili huigawa orodha katika sehemu tatu: vianzio, mlo mkuu na vitindamlo. "Kitindamlo" ni neno lililoundwa vizuri, na hatuna ugomvi nalo. Lakini mgawanyo wenyewe umetoka katika meza ya Ulaya, ambako vyakula huja kimoja baada ya kingine. Meza yetu haipangwi kwa kufuatana, hupangwa kwa kuambatana: chakula upande huu, mboga au kitoweo upande huu. Ndiyo maana mteja haulizi mlo mkuu ni upi. Huuliza, "Ugali na nini?"

Kutokana na meza hiyo yamezaliwa majina kama wali kuku, wali maharage, ugali dagaa na chipsi mayai. Mwanasarufi aweza kulalamika kwamba nomino mbili zimewekwa pamoja bila kiunganishi. Sisi twasema kwamba, kwa kigezo tulichokitaja, hizi ni istilahi zilizokamilika. Zinataja vyote vilivyomo katika sahani, na bei inayofuata inavihusu vyote viwili.

Sasa tumchukue msafiri aliyezoea lugha hiyo, aingie katika mkahawa wa hoteli kubwa. Chini ya "mlo mkuu" anasoma "kuku wa kuchoma", na mbele yake bei. Wali umeandikwa ukurasa mwingine, na bei yake peke yake. Anaagiza kuku, mhudumu anamwuliza kama angependa na wali, anaitikia, kwa kuwa kwake kuku bila wali si chakula bali ni kitoweo. Mwisho anakuta bei mbili. Hakuna aliyemdanganya, lakini lugha ya orodha haikumwambia ukweli wote. Dawa yake ni ndogo: mfasiri aandike "kuku wa kuchoma, bila wali" au "kuku wa kuchoma pamoja na wali". Maneno mawili yatamwokoa mteja na aibu ya kuhesabu fedha zake mbele ya watu.

4. Lugha ya bei ya malazi

Katika malazi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hapa mara nyingi Kiswahili hakitumiki kabisa. Orodha za bei hujaa herufi BB, HB na FB, ambazo ni vifupisho vya Kiingereza. Ya kwanza ina maana ya kitanda pamoja na mlo wa asubuhi. Ya pili huongeza mlo mmoja mkubwa, na kwa kawaida huo ni wa jioni. Ya tatu ni milo yote mitatu. Vinywaji vya mezani kwa kawaida havimo. Asiyejua herufi hizi hulipa kwa kubahatisha: huchukua milo mitatu ilhali atashinda kutwa nzima nje, au huchukua kitanda tu kisha akanunua kila mlo kwa bei ya juu.

Mitaani mambo haya yana maneno. Katika gesti mteja huuliza, "Kulala ni pamoja na chai?" na hujibiwa ndiyo au siyo. Wako watakaosema kwamba chai ni kinywaji tu, tena katika mazungumzo hutumiwa kwa maana ya hongo. Hoja hiyo si nzito, maana wasemaji wengi husema "kunywa chai" wakikusudia mlo mzima wa asubuhi. Kwa maandishi, hata hivyo, tunapendelea kuhesabu milo. Sababu ni kwamba jina la mlo wa asubuhi linatofautiana: wengine husema kifungua kinywa, wengine kiamshakinywa, wengine staftahi. Basi iandikwe "malazi na mlo wa asubuhi", "malazi na milo miwili", "malazi na milo mitatu". Hesabu ya milo haina lahaja.

Kuhusu chumba, neno "selfu" limeenea sana katika gesti zetu kwa maana ya chumba chenye choo na bafu ndani. Baadhi ya wafasiri wamejaribu kulisanifisha kwa kusema "chumba kinachojitegemea". Hapa usanifu umeleta giza. Katika matangazo ya nyumba za kupanga, kujitegemea kwaweza kuwa na maana ya kutochangia ua au umeme na wapangaji wengine. Afadhali tuseme wazi "chumba chenye choo na bafu". Kadhalika bei iandikwe kama ni "kwa chumba" au "kwa kila mtu", kwa sababu watu wawili wanaoona bei moja wataielewa kila mmoja kwa namna inayomfaa.

Lipo pia tatizo la alama mbili za kujumlisha, yaani ++, zinazowekwa mbele ya bei. Maana yake ni kwamba ada ya huduma na kodi havijaingizwa. Tuchukue mfano wa Tanzania Bara, ambako kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani kilishushwa mwaka 2009 kutoka asilimia 20 hadi 18. Tuseme chakula kimeandikwa shilingi 20,000, na hoteli inatoza ada ya huduma ya asilimia 10. Ada itaifikisha bei shilingi 22,000, na kodi ya asilimia 18 juu ya hapo itaifikisha shilingi 25,960. Alama mbili ndogo zimeongeza karibu theluthi ya bei. Kenya nako kodi ya aina hiyo ni asilimia 16, na juu yake kuna tozo ya utalii ya asilimia 2. Istilahi tunazozihitaji hapa ni rahisi: "bei kamili" kwa ile ambayo haitaongezeka, na "bei kabla ya kodi na ada" kwa nyingine. Alama ya hesabu si istilahi.

Mwisho katika sehemu hii ni karatasi anayokabidhiwa mteja. "Ankara" ni dai la malipo. "Stakabadhi" ni ushahidi kwamba malipo yamefanyika. "Bili" katika mazungumzo husimama badala ya ankara, na "risiti" imekwisha kuchukua nafasi ya stakabadhi, hasa tangu mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilipoanza kutumika Tanzania mwaka 2010. Hatuna haja ya kuirudisha stakabadhi kwa nguvu. Lakini tofauti ya maana yenyewe lazima ilindwe. Mtumishi wa serikali anayerejesha masurufu ya safari akiwa na bili pekee hana ushahidi kwamba alilipa, na fedha hizo zaweza kukatwa katika mshahara wake. Walimu wa uhazili na wa biashara walifundishe jambo hili kama suala la maana, si la tahajia.

5. Maneno ya safari nafuu

Matangazo ya safari yametuletea "hoteli ya bajeti" na "daraja la uchumi". Yote mawili ni tafsiri za neno kwa neno. Bajeti, kwa msomaji wetu, kwanza ni ile isomwayo Bungeni mwezi Juni. Na uchumi ni wa taifa. Neno la Kiingereza lililozaa "daraja la uchumi" lina maana nyingine, ya kubana matumizi, na hiyo haikuvuka pamoja nalo. Tunayo maneno ya kufaa. "Nafuu" ni neno hilo hilo tunalolitumia mgonjwa anapopata ahueni, nayo bei nafuu ni bei inayompa mtu ahueni. Basi tuseme "hoteli ya bei nafuu". Na kwa vyombo vya usafiri, abiria wa Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, na wa TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976, walizoea madaraja yaliyohesabiwa: la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna aliyehitaji kamusi.

Neno lenye athari kubwa kuliko yote ni "mgeni". Kiswahili hulitumia kwa aliyealikwa, kwa asiyejulikana, na kwa mtu wa nchi nyingine. Tukisema "Mgeni njoo, mwenyeji apone", hatuulizi pasi ya kusafiria. Lakini hoteli na hifadhi nyingi zina bei tofauti kwa raia na kwa wasio raia, na zikiandika "bei ya wageni" pasipo maelezo, mwalimu aliyetoka Musoma kwenda kutazama wanyama hajui kama anatajwa yeye. Yeye ni mgeni wa hoteli, ila si mgeni wa nchi. Orodha ziseme "raia", "mkazi asiye raia" na "asiye mkazi", na "mgeni" libaki kwa kila anayepokelewa.

6. Hitimisho

Wako watakaouliza kwa nini tujisumbue, ikiwa hoteli kubwa huishi kwa watalii kutoka nje. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5 kutoka nchi za nje; mwaka 2020, kwa sababu ya janga la Uviko, walipungua hadi takriban 620,000. Hoteli isiyojua kuzungumza na mwananchi hujikuta haina wa kumwita siku mipaka inapofungwa.

Twapendekeza basi kwamba wafasiri waanze na maswali ambayo msafiri huyauliza mwenyewe: ugali na nini, kulala ni pamoja na chai, bei ni kwa chumba au kwa mtu? Majibu ya maswali hayo ndiyo istilahi. Walimu wawape wanafunzi orodha ya bei ya hoteli iliyo karibu nao waiandike upya kwa Kiswahili, kisha wakisie gharama ya siku tatu. Nao maafisa wanaotoa leseni wadai kwamba bei kamili iandikwe kwa Kiswahili mahali panapoonekana. Mwenye kipato kidogo hana fedha ya kulipia neno asilolielewa.