Kilo 30 Begani: Hesabu ya Mwendo wa Wapagazi wa Unyamwezi

Richard Burton, msafiri Mwingereza, alifika Kazeh, jirani na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Alikuwa amesafiri siku 134 tangu aondoke pwani, na punda wachache kando, mali yake ilifika kwa mabega ya watu. Mizigo ilipimwa kwa frasila. Mpagazi mmoja alipewa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na juu yake aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, silaha, posho ya njiani. Pembe ya ndovu iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa kwenye mti ikachukuliwa na wawili.

Waliosifika kuliko wote kwa kazi hiyo walikuwa Wanyamwezi, na pamoja nao Wasumbwa na Wasukuma. Ndio wenyeji wa nchi inayoanzia Tabora, ikapita Kahama na Shinyanga hadi Geita. Hawakusubiri wageni wawafundishe njia. Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa Kisumbwa, alifuata biashara ya shaba ya baba yake hadi Katanga, akajenga utawala wake Bunkeya na kuushika mpaka alipouawa mwaka 1891. Safari za masafa hayo zilitembewa kwa miguu, mzigo ukiwa mwilini.

Sasa tulitazame jambo hili kama mwalimu wa michezo anavyomtazama mwanariadha. Mtu wa kilo 60 akibeba kilo 30 amebeba nusu ya uzito wake. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800, na akifika huko bado ana safari ya kurudi. Aliwezaje? Jibu lililozoeleka ni kwamba watu hao walikuwa na nguvu na walizoea shida. Jibu hilo linawapunja, kwa sababu linauficha ufundi wao.

Mwaka 1980 C. Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha vipimo vya panya, mbwa, farasi na binadamu waliokimbia wakiwa wamebebeshwa mizigo. Kanuni waliyoipata ilikuwa moja kwa wote: ongeza mzigo wa asilimia 10 ya uzito wa mwili, na oksijeni inayotumika itapanda kwa karibu asilimia 10. Misuli inadai malipo ya kila kilo.

Miaka sita baadaye kanuni hiyo ilipata mtihani Kenya. Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akishirikiana na Norman Heglund, Giovanni Cavagna, Taylor na mwenzao mwingine, aliwapima wanawake wa Kijaluo waliozoea kubeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Walitembea juu ya mashine ya mkanda unaozunguka, barakoa usoni, hewa wanayotoa ikipimwa. Mpaka mzigo ulipofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi ya oksijeni hayakupanda kabisa. Baada ya hapo yalianza kupanda sambamba na kile kilichozidi: mzigo wa asilimia 30 uliongeza gharama kwa asilimia 10 hivi. Wanaume waliobeba mabegi mgongoni katika vipimo vya kijeshi walilipa zaidi sana kwa mizigo ya kiwango hicho.

Siri ya nafuu hiyo iko katika hatua. Mtu anapotembea, kiwiliwili hupanda kikipita juu ya mguu uliokanyaga, na hapo juu kinakuwa na mwendo mdogo. Kikiteremka mbele, kile kimo kinageuka kasi. Mguu wa pili ukikanyaga, kasi inageuka kimo tena, kama bembea inavyobadilishana kimo na mwendo bila kusukumwa upya kila mara. Mtu wa kawaida asiye na mzigo, akitembea kwa mwendo wake mzuri, huokoa kwa njia hii hadi asilimia 65 hivi ya nishati. Sehemu inayobaki inatoka kwenye misuli.

Mwaka 1995 Heglund na wenzake waliwapitisha wanawake wa Kenya juu ya mabamba yanayopima nguvu ya mguu ardhini. Kadiri mzigo ulivyoongezeka, wanawake hao waliokoa sehemu kubwa zaidi ya nishati, jambo ambalo Wazungu waliopimwa nao hawakuliweza. Uchambuzi wa mwaka 2002 ulionyesha hata mahali penyewe katika hatua. Mara tu mwili unapovuka kilele na kuanza kushuka, kwa watu wengi kimo kinapotea kidogo kabla hakijawa kasi. Wabebaji wazoefu walipunguza upotevu huo. Ni sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini inajirudia katika kila hatua, na siku moja ya safari ina maelfu kwa maelfu ya hatua.

Hapa lazima mtu awe mwangalifu. Wanyamwezi walibeba zaidi begani, wakati watu wa pwani walizoea kichwani, na hakuna aliyempima mpagazi wa karne ya 19 kwa barakoa. Utafiti wa Datta na Ramanathan nchini India, mwaka 1971, unasaidia kidogo: walilinganisha namna saba za kubeba kilo 30, karibu uzito wa frasila mbili. Mzigo uliogawanywa kifuani na mgongoni ulikuwa nafuu kuliko yote, kichwani ukafuata, na mkononi ukawa ghali kupita zote. Kadiri mzigo unavyokaa karibu na mstari wa katikati ya mwili, ndivyo misuli inavyopumzika. Bega liko pembeni kidogo ya mstari huo, lakini lina faida moja ambayo maabara haiioni: mzigo unaweza kuhamishwa kutoka bega hadi bega bila kusimama.

Ufundi ulianza utotoni. Burton aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walizoeshwa kubeba vipembe vidogo tangu wakiwa wadogo. Mwalimu yeyote wa viungo atalitambua zoezi hilo: mzigo mdogo, mwendo uleule wa mkubwa, marudio ya miaka. Mwili unajifunza mdundo kwanza, uzito unakuja baadaye.

Halafu kulikuwa na ratiba, na kwa maoni ya mwandishi wa safu hii, ndiyo iliyobeba nusu ya kazi. Msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia na kushika mwendo, ngoma na nyimbo zikiwashikilia waliomfuata. Aliyezidishiwa mzigo aligoma, na migomo ya wapagazi imejaa katika maandishi ya wasafiri wa Ulaya, ambao waliiita uvivu. Kwa macho ya fiziolojia, mpagazi aliyekataa frasila ya tatu alikuwa anailinda miguu itakayomfikisha. Wabebaji wa Nepal, ambao vipimo vyao vilichapishwa mwaka 2005, nao huilinda miguu kwa ratiba: wanaume hubeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wa miili yao milimani, kwa mwendo wa polepole, wakipumzika mara nyingi.

Ratiba ilipovunjwa, matokeo yalionekana. Katika Vita Kuu ya Kwanza, watu zaidi ya milioni moja wa Afrika Mashariki na nchi jirani walibebeshwa mizigo ya majeshi ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji. Uzito haukuwa mkubwa kuliko ule wa misafara. Kilichokosekana ni chakula cha kutosha, mapumziko na haki ya kukataa, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi.

Leo reli na malori yamechukua kazi ya mabega, na makontena yanashushwa bandari kavu ya Isaka, si mbali na mji wa Kahama. Lakini kubeba hakujaisha. Maji ya Ziwa Victoria yanaletwa hadi Kahama kwa bomba kutoka Ihelele tangu mwaka 2009, ila palipo mbali na bomba, ndoo ya lita 20 bado inakaa juu ya ngata. Kwa mwanamke wa kilo 60, ndoo hiyo ni theluthi ya uzito wake; kwa hesabu ya mwaka 1986, inamgharimu nyongeza ya asilimia 13 hivi. Kijana mchimbaji wa dhahabu anayetoa mfuko wa mawe wa kilo 50 duarani, yaani shimoni, kuupeleka kwenye karasha ya kusaga mawe yuko katika hesabu nyingine kabisa. Mashine ya Nairobi ilikuwa tambarare. Ngazi za mti na mteremko wa udongo uliolowa haziruhusu ile bembea ya hatua ifanye kazi.

Na nafuu ya pumzi haina maana kwamba shingo imesalimika. Picha za eksirei za wabeba kuni wa Kongo, zilizochapishwa mwaka 2002, zilionyesha pingili za shingo zilizochakaa zaidi kuliko za watu wasiobeba. Vilevile, wanawake wa Kixhosa waliopimwa Afrika Kusini, matokeo yakatoka mwaka 2010, walitofautiana sana: wengine walibeba kichwani kwa nafuu, wengine kwa gharama kubwa, hata miongoni mwa wenye uzoefu.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuwavutia walimu wa michezo wa Kanda ya Ziwa. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko Kwimba, katikati ya watu wanaobeba kila siku. Kuanza hakuhitaji maabara ya Harvard. Njia tambarare yenye urefu uliopimwa, saa, mzani na kuhesabu mapigo ya moyo kabla na baada ya kutembea na ndoo ya lita 5, 10, kisha 20, vinatosha kuonyesha ni nani anayelipa kidogo. Simu ikirekodi hatua zake kutoka ubavuni, picha zikapunguzwa kasi, itaonekana pia anafanya nini na mwili pale anapovuka kilele.